Mutukula 1972: Walivuka bila kuwauliza watu wa Masaka



Siku hizi kwenye magrupu yetu kuna kauli inajirudia sana. Mmoja anaandika kwamba siasa za ndani zimekwisha, sasa walioko nje wajipange waingie. Mwingine anaunga mkono. Wa tatu anamalizia: "Kwani Museveni alianzaje?"

Tusiwaite hawa wenzetu mamluki. Wengi ni vijana waliopigwa, waliofungiwa mikutano, waliosomewa mashtaka kwa kuvaa fulana tu. Hasira yao ina sababu. Lakini hasira nayo inahitaji kusoma historia, na bahati nzuri historia ya jambo hili haiko mbali. Iko hapa hapa kanda ya ziwa, na Mwanza iliwahi kuilipia.

Ilikuwaje

Tarehe 25 Januari 1971, Milton Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Idi Amin alimpindua. Mwalimu Nyerere akampokea Obote Dar es Salaam na akakataa kumtambua Amin. Wafuasi wa Obote wakaanza kukusanyika. Wengine walikuwa kambini Kigwa, Tabora, wengine kusini mwa Sudan kabla ya kuletwa huku kwetu. Yoweri Museveni, kijana aliyemaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, alikuwa na kundi lake dogo, FRONASA.

Mpango kwenye karatasi ulikuwa mtamu. Ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki ichukuliwe kimya kimya Dar es Salaam, ifike Kilimanjaro, ibebe wapiganaji, iwashushe Entebbe wateke uwanja. Wakati huo huo wenzao wavuke mpaka kwa malori. Wanajeshi wasiompenda Amin waasi, wananchi wainuke, Kampala ianguke.

Ndege ilipotua Kilimanjaro, matairi yakapasuka. Habari ya Entebbe ikafia pale. Wale wa malori hawakusimamishwa. Tarehe 17 Septemba 1972, wapiganaji wanaozidi 1,000 waliingia Uganda, kundi moja likipita Mutukula kuelekea Masaka, lingine likielekea Mbarara, na Museveni akiwa kwenye hilo la Mbarara.

Hakuna kambi iliyoasi. Hakuna mji ulioinuka. Ndani ya siku chache wengi walikuwa wameuawa au wametekwa, na walionusurika wakarudi Tanzania mikono mitupu. Alex Ojera, aliyewahi kuwa waziri wa Obote, alikamatwa, akaonyeshwa hadharani, kisha akauawa.

Amin hakuishia hapo. Ndege zake zilivuka ziwa zikapiga mabomu Bukoba na Mwanza. Fikiria mama aliyekuwa mjini Mwanza siku ile anauza dagaa zake. Kampala hajawahi kufika, Obote anamsikia redioni tu. Mpango ulifanywa na watu wachache, bomu likamfuata yeye.

Tarehe 5 Oktoba 1972 yakafikiwa makubaliano ya Mogadishu, Siad Barre akiwa msuluhishi. Majeshi yarudi nyuma kilomita 10 kutoka mpakani, na kila upande uache kusaidia wapinzani wa mwenzake. Yaani kwa wakimbizi wale, matokeo ya mwaka mzima wa kujiandaa yalikuwa kufungwa mikono na mwenyeji wao mwenyewe.

Kwa nini watu hawakuinuka

Ukisimulia kisa hiki kijiweni, wengi watacheka habari ya matairi. Matairi yaliharibu safari ya Entebbe, sawa. Lakini hayakuwazuia watu wa Masaka kuinuka. Hapo kuna jambo zito zaidi.

Masaka ni Buganda. Mwaka 1966 Obote alisimamisha katiba, na mwezi Mei mwaka huo akatuma jeshi kuvamia ikulu ya Kabaka pale Mengo. Aliyeongoza uvamizi ule ni Idi Amin mwenyewe. Kabaka Mutesa alikimbilia Uingereza akafia huko mwaka 1969. Desemba ya mwaka huo huo 1969, Obote akapiga marufuku vyama vya upinzani. Ndiyo maana alipoanguka Januari 1971, Kampala watu walicheza barabarani.

Sasa wewe unaingia Masaka na bunduki, miezi 20 tu baada ya watu kusherehekea kuondoka kwa bosi wako, na wanakutambua kama watu wa Obote. Nani akufungulie mlango? Amin alikuwa ameshaanza kuua, hilo ni kweli. Lakini mtu anaweza kumchukia aliyepo na bado asikutake wewe unayerudi. Hiyo hesabu wakimbizi wa 1972 hawakuipiga. Walidhani chuki dhidi ya Amin ni kura yao.

Sisi Wasukuma tunaelewa jambo hili bila kwenda chuo. Njoo Bujora, pale Kisesa, wakati wa Bulabo uone Bagika na Bagalu wakishindana. Unaweza kuwa na ngoma nzuri, nyoka mkubwa na dawa kali. Mshindi ni yule ambaye umati umehamia upande wake. Na umati hauhamishwi kwa kuudhania. Unauita na kuuimbia, ukishindwa unarudi kujipanga msimu ujao.

Nani alilipa

Mimi ni mwanafunzi wa sheria, kwa hiyo mniwie radhi nikikaa kidogo kwa Benedicto Kiwanuka.

Alikuwa mwanasheria, kiongozi wa Democratic Party, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda. Obote alimtia kizuizini mwaka 1969. Amin alipochukua nchi akamfungulia, na mwaka 1971 akamfanya Jaji Mkuu. Akakaa kwenye kiti akafanya kazi ya jaji. Mwaka uliofuata aliamuru Mwingereza mmoja aliyekuwa akishikiliwa na wanajeshi aachiwe, kwa sababu hakukuwa na uhalali wa kisheria wa kumshikilia. Amin hakupenda.

Tarehe 21 Septemba 1972, siku nne baada ya uvamizi, watu wenye silaha waliingia Mahakama Kuu Kampala wakamtoa Jaji Mkuu ofisini kwake. Aliuawa, na mwili wake haukupatikana. Hapa ni mtu aliyefungwa na Obote, hana sababu hata moja ya kumrudisha Obote, lakini vumbi la vita ya Obote ndilo lililomfunika.

Hakuwa peke yake. Basil Bataringaya, waziri wa zamani wa mambo ya ndani, aliuawa Mbarara. Joseph Mubiru, aliyewahi kuwa gavana wa Benki Kuu, aliuawa. Frank Kalimuzo, makamu mkuu wa chuo cha Makerere, alichukuliwa nyumbani hakurudi. Wengine ni watu wa kawaida ambao majina yao hatutayajua.

Amin angewaua hata bila uvamizi? Pengine baadhi yao, ndiyo. Lakini uvamizi ulimpa kitu ambacho dikteta hukitafuta usiku na mchana: adui wa kweli mwenye bunduki ya kweli. Kuanzia siku ile kila mpinzani, kila jaji mwenye msimamo, kila msomi, aliweza kuitwa mwenzao wa wavamizi. Waliovuka mpaka walikuwa na njia ya kurudi Tanzania. Waliobaki ndani hawakuwa na pa kwenda.

"Lakini 1979 si walishinda?"

Hili ndilo swali zuri, tusilikwepe.

Mwaka 1979 Amin aliondoka, Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Lakini tuwe wakweli kuhusu aliyemwondoa. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, na Tanzania ikajibu kwa jeshi la nchi nzima, JWTZ, pamoja na mgambo waliotoka vijijini kama vya kwetu. Wapiganaji wa Uganda walikuwepo na walipigana, ila mzigo mkubwa uliubeba nchi yetu. Hata hapa Mwanza tarehe 29 Machi 1979 ndege ya Libya ilikuja kulipua matangi ya mafuta, ikakosa shabaha, bomu likaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala.

Na baada ya ushindi? Wakimbizi walikutana Moshi Machi 1979 wakaunda umoja wa haraka. Yusuf Lule akawa rais kwa siku 68. Godfrey Binaisa akaondolewa Mei 1980. Uchaguzi wa Desemba 1980 ukamrudisha Obote, wengine wakasema umeibiwa, na Februari 1981 Museveni akaingia msituni. Akachukua nchi Januari 1986, na yuko Ikulu mpaka leo.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeuliza Museveni alianzaje, uliza pia ameishiaje. Kizza Besigye alikuwa naye msituni, daktari wake. Novemba 2024 Besigye huyo huyo alitekwa Nairobi, akaibukia mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala, na baadaye akafunguliwa mashtaka ya uhaini. Aliyeingia kwa bunduki anajua njia ile inavyofanya kazi, ndiyo maana anaogopa kila mtu anayeweza kuipita.

Hapa kwetu

Aprili 2025 Tundu Lissu alikamatwa Mbinga baada ya mkutano wa hadhara, akapelekwa Kisutu kusomewa shtaka la uhaini. Kifungu cha 39 cha Kanuni ya Adhabu. Adhabu yake ni kifo, dhamana hakuna. Alichokuwa nacho mkononi ni kipaza sauti.

Hapo ndipo vita yetu ya kisheria na ya kisiasa ilipo. Wanataka maneno yahesabiwe kuwa silaha. Sisi tunasema hapana, raia ana haki ya kusema uchaguzi huu haufai na kuwaita wenzake wasimame. Sasa wewe ukiandika kwenye grupu kwamba kuna watu wanajipanga ng'ambo ya mpaka, hata kama ni utani, hata kama huna panga la kukatia majani, umemwandikia mwendesha mashtaka hoja yake. Na atakayeisomewa siyo wewe uliyejificha kwenye jina la bandia. Ni kamanda aliyeko mahabusu.

Tuelewane: sisemi aliyekimbia ni msaliti. Kukimbia kuokoa roho ni haki. Mkataba wa OAU wa 1969 kuhusu wakimbizi unamlinda, na mkataba huo huo, ibara ya 3, unamkataza kutumia nchi iliyompokea kuihujumu nchi nyingine ya Afrika. Waliouandika walijua nyumba ya jirani ikigeuzwa kambi, majirani wote wanaungua.

Kazi ya aliyeko nje ipo na ni kubwa. Afungue kesi za kimataifa, achangie mawakili, apaze sauti ambapo sisi tumebanwa. Lissu mwenyewe alipigwa risasi Dodoma Septemba 2017, akatibiwa Nairobi na Ubelgiji, akarudi Julai 2020 kugombea. Akalazimika kuondoka tena Novemba, akarudi tena Januari 2023. Mara zote mbili alirudi kwa ndege ya abiria, akapokelewa na watu, akapanda jukwaani. Watu walimpokea kwa sababu matawi yalikuwepo kumpokea.

Na matawi ndiyo kazi yetu. Hapa Magu, kuanzia Kisesa mpaka Nyanguge na Kahangara, tujiulize bila kudanganyana: ni vitongoji vingapi tuna viongozi wanaofahamika kwa majina? Kijana wetu akikamatwa usiku, nani anajua kituo alichopelekwa? Nani ana namba ya wakili? Siku ya kesi tunajaa mahakamani au tunaweka picha yake kwenye staitasi na kulala? Mkulima wa pamba anayelalamikia bei, mvuvi anayechomewa nyavu, je tumekaa naye tukamsikiliza, au tunadhani hasira yake tayari ni yetu?

Hilo la mwisho ndilo lililowamaliza wale wa 1972. Walikuwa jasiri, tusiwavunjie heshima, wengi walikufa wakiamini wanaikomboa nchi. Lakini waliwafuata watu wa Masaka kwa mara ya kwanza wakiwa juu ya malori, tayari wamechelewa.

Sisi bado hatujachelewa. Jumamosi hii kila mmoja wetu aanze na kitongoji chake, nyumba kumi tu, daftari na kalamu mkononi. Uliza, andika, rudi wiki ijayo.

 Tukutane tawini.