Kiti Kishushwe, na Meza Je?

Hoja iliyochapishwa kwamba kiegemeo cha miguu ni anasa, kwa kuwa mfupi aweza kushusha kiti, imeisahau meza. Meza nyingi za ofisi hazibadiliki kimo, hivyo anayeshusha kiti huchapa akiwa ameinua mabega, na anayekipandisha hadi viwiko vilingane na kibodi huachwa miguu ikining'inia, ukingo wa kiti ukimbana mapaja nyuma ya magoti na kutatiza damu kurudi moyoni, hata jioni viatu vikambana. Egonomia, yaani taaluma ya kulinganisha kazi na maumbile ya mfanyakazi, haikiiti kiegemeo hicho anasa. Kanuni za Uingereza za mwaka 1992 kuhusu kazi za skrini humpa kiegemeo kila mtumiaji anayekitaka. Wasiopewa hukanyagia boksi la karatasi za fotokopi, likabonyea.