Maporomoko ya kiangazi hayasemi uongo

Kila Julai nikishuka mwalo wa Kibirizi, Ziwa Tanganyika, na begi la kamera, hakosi mtu wa kunihurumia. "Kaka, umechelewa. Maporomoko ungeyafuata Machi, yakiwa na maji." Nahodha akisema, abiria wanaitikia. Hata wapigapicha wetu wa mjini wanaapa hivyo hivyo: maporomoko ni ya msimu wa mvua, kiangazi hakuna cha kupiga. Imani hiyo ni potofu, na hasara yake haiishii kwenye picha.

Tuanze na picha yenyewe. Machi, vijito vingi vinavyoteremka milimani kuja Ziwa Tanganyika vimebeba udongo, na maji yake yana rangi ya chai ya maziwa. Njia inateleza. Ukikaribia maporomoko, manyunyu yanawahi kwenye lenzi kabla ya jicho lako. Unarudi nyumbani na picha ya ukungu.

Julai ni habari nyingine. Katika Hifadhi ya Gombe, maporomoko ya Kakombe huanguka kama mita 25 ndani ya bonde jembamba lenye kivuli. Maji ni maangavu, na nyuma yake unauona mwamba na mizizi inayoning'inia. Kivuli kile kinacholaumiwa na wengi ndicho kinachokuruhusu kuiacha kamera ikusanye mwanga kwa nusu sekunde nzima. Iweke kwenye stendi, au egemeza simu kwenye jiwe: maji yanageuka nyuzi za hariri, na mwamba unabaki umetulia. Jaribu hivyo wakati wa mafuriko, utapata bonge jeupe lisilo na umbo.

Simkatalii mpinzani wangu kila kitu. Kiangazi nyika huchomwa moto, moshi unatanda ziwani, na milima ya Kongo ng'ambo inapotea machoni. Anayetaka picha ya ziwa na asubiri mvua isafishe anga. Tena ngurumo ya maporomoko ya Kalambo, kule Rukwa mpakani na Zambia, mvua zikiwa zimekolea, inatetemesha kifua. Lakini ukuta ule wa zaidi ya mita 200 haupungui hata sentimita moja ifikapo Agosti. Maji yakipungua ndipo unapouona wenyewe, pamoja na korongo wakubwa wenye upara wanaojenga viota kwenye kingo zake.

Hoja yangu kubwa, hata hivyo, haimo kwenye lenzi. Msimu wa mvua kila mtaro ni maporomoko. Kilima kilichokatwa miti yote nacho kitakupa maji ya kishindo mvua ikinyesha, tena upesi kuliko kilima chenye msitu, kwa kuwa hakuna cha kuyazuia. Hiyo ni leka dutigite ya maji, yaani acha tujidai: yanatamba leo, kesho hayapo. Swali la kuuliza ni la Agosti. Mvua imekatika tangu Mei. Maji haya yanatoka wapi?

Yanatoka kwenye udongo wa msitu. Majani yaliyooza na mizizi huufanya uinywe mvua taratibu, kisha uiachie chemchemi kidogo kidogo miezi yote mikavu. Miti iliyo juu ya Kakombe imesimama kwa sababu eneo hilo lililindwa: pori la akiba tangu 1943, hifadhi ya taifa tangu 1968. Nje ya mpaka wake, vilima vingi vilivuliwa nguo. Ndiyo maana mradi wa TACARE wa Taasisi ya Jane Goodall, ulioanza 1994, ulikwenda vijijini na miche ya miti, japo taasisi yenyewe inajulikana kwa sokwe. Na ule udongo unaomiminwa ziwani na mto Luiche, kusini mwa Ujiji, umetoka kwenye ardhi isiyo na kitu cha kuushika. Unatua juu ya miamba wanapojilisha samaki wa rangi rangi wasiopatikana ziwa jingine lolote duniani. "Maji mengi" tunayoyasifu Machi mara nyingi ni shamba la mtu linalosafiri.

Kwa hiyo aliyepiga maporomoko msimu wa mvua amepiga picha ya mvua. Aliyeyapiga Agosti amepiga picha ya msitu.

Ndugu msomaji, kiangazi hiki chagua kijito kimoja, hata kile cha nyuma ya kijiji chenu kisicho na jina kwenye ramani. Tafuta jiwe la kusimamia, upige picha moja, uandike tarehe. Mwakani rudi mwezi ule ule, kwenye jiwe lile lile. Achana na kulinganisha uzuri; pima upana wa maji. Baada ya miaka mitano utakuwa na ushahidi wa kuweka mezani siku mkutano wa kijiji utakapojadili mkaa na mashamba ya mlimani.

Na siku ukikuta mwamba mkavu, usifunge begi. Piga hivyo hivyo. Hiyo ndiyo picha inayotakiwa kuonwa na watu wengi kuliko zote.