Kalenda ya Kliniki Isikae Katika Simu ya Mtu Mmoja

Miadi ni sehemu ya tiba. Mgonjwa wa kisukari au kifua kikuu anayepangiwa tarehe isiyo sahihi hukosa dawa na vipimo. Kwa mkazi wa kisiwa cha Bumbire, wilayani Muleba, kosa hilo ni nauli ya boti na siku nzima iliyopotea. Kwa hiyo uchaguzi wa programu ya barua pepe na kalenda hauwahusu mafundi wa kompyuta peke yao.

Mtumishi anayepanga miadi kwa akaunti yake binafsi hurahisisha kazi ya leo na kuihatarisha ya kesho. Akihamishwa kutoka Muleba kwenda Bukoba, kalenda huondoka naye, pamoja na siri za wagonjwa. Ikumbukwe kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Njia mbadala zipo. Thunderbird, kwa mfano, ni programu huria isiyolipiwa, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2004. Huunganisha barua pepe na kalenda, na miadi iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta husomeka hata mtandao unapokatika. Aidha, hutumia muundo wa iCalendar, unaotambuliwa kimataifa tangu 1998. Kituo kikibadili programu, miadi huhamishwa bila kuandikwa upya.

Wanaotetea daftari wana hoja nzito: halihitaji umeme. Libaki basi, pamoja na kadi ya mgonjwa. Hata hivyo, daftari halimkumbushi mtumishi kwamba tarehe fulani imekwisha kujaa.

Programu pekee haitoshi. Akaunti iwe ya kituo, nywila itunzwe, nakala ya akiba ifanywe kila wiki. Katika kalenda iandikwe namba ya faili, si jina la ugonjwa. Saa nazo zitafsiriwe: 08:00 ya kompyuta iandikwe kwenye kadi kuwa saa 2 asubuhi, ili mgonjwa asifike kliniki ikiwa imefungwa.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza tarehe yake imeandikwa wapi, na nani anaweza kuisoma. Kituo kinachoweza kumjibu bila kusita kimechagua programu vizuri.