Kushusha Rezolusheni Si Dhambi

Wasee, nikipost picha ya dawati langu komenti ya kwanza huwa ile ile: "Hiyo skrini mbona imekaa 2005?" Ya pili: "Nunua laptopu." Kwa doo ya nani?

Nilipoacha chuo kwa sababu ya karo, nilitoka na begi, godoro na Raspberry Pi 3 niliyouziwa na beshte aliyekuwa amechoka nayo. RAM ni 1GB. Skrini ni TV ya mathe, Full HD. Mchana naandika skripti za video, jioni mathe anaandika humo madeni ya duka. Taarifa ya saa moja ikianza, hatuna kompyuta.

Full HD ni 1920 kwa 1080, yaani pikseli 2,073,600, na hako kakompyuta kanalazimika kuzijaza zote hata kama unaandika tu "unga, deni 120". Ukivuta dirisha, linakuja likijikokota. Herufi nazo zilikuwa ndogo hadi mathe anasimama mbele ya TV kama anayekagua noti feki. Siku moja akaandika deni la mama mmoja kwa jina la mwingine. Maneno yaliyotokea pale ploti, wacha tu.

Ndiyo nikashusha hadi 960 kwa 540. Sikubahatisha. Ni nusu ya upana na nusu ya urefu, kwa hivyo pikseli zinabaki robo, 518,400, na TV inakuza kila moja mara mbili kamili. Herufi zikawa kubwa bila kugusa fonti hata moja.

Sasa, video nyingi zitakwambia uweke hdmi_group=2, hdmi_mode=87 na hdmi_cvt kwenye config.txt. Hiyo ni ya kitambo. Nilipoteza jioni nzima nayo, kumbe Raspberry Pi OS mpya, zenye dreva ya KMS, hazijali hiyo mistari. Fungua cmdline.txt, nenda mwisho wa ule mstari mmoja uliomo, acha nafasi, uongeze video=HDMI-A-1:960x540M@60. Usibonyeze enter, lazima ubaki mstari mmoja. Kuna TV hukataa vipimo visivyo vya kawaida. Hapo jaribu 640x480, ambayo kila TV ya HDMI inatakiwa kuikubali. Na unakili hilo faili kwanza! Skrini ikibaki nyeusi hutaona cha kurekebisha, utapeleka kadi ya memori saiba kama mimi.

Sisemi imekuwa roketi. RAM bado ni ile ile, na nikifungua kurasa nne za intaneti inalia. Video nahariri kwa simu. Lakini kuandika? Iko fiti kabisa.

Kinachoniudhi ni kwamba kati ya wote wanaoniambia ninunue, hakuna hata mmoja ameuliza mashine ni ya kazi gani. Tumefundishwa na matangazo kwamba pikseli nyingi ndiyo heshima, so mtu anakaa na mashine inayokwama, anaona aibu kushusha namba mbili.

Mathe sasa anaandika akiwa kwenye kochi, miwani imebaki mfukoni. Leo amemaliza madeni mapema akanipa kibodi. Ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi na mbili, na hii ndiyo post niliyopata kuandika.