Kila Mtoto na Ubao Wake

Waliosoma vyuoni zamani wanaukumbuka ubao. Kila mtoto alikuwa na wake, akaandikiwa fungu lake, akalisoma mpaka likamkaa. Juu ya jamvi moja walikaa aliye katika alifu na bee, aliyefika Juzuu Amma, na aliyekwisha kuingia Baqara. Mwalimu humwita mmoja mmoja, akamsikiliza, akamwambia aendelee au arudie. Wakubwa huwasomesha wadogo. Wala haikuwekwa siku moja ya wote kukhitimu. Aliyemaliza leo alisomewa khitma yake leo, na jirani yake aliyebaki nyuma hakuitwa mjinga.

Twayataja haya kwa ajili ya watoto wetu wa Kizwite, hapa mjini Sumbawanga. Katika darasa moja la skuli huku Ufipa aghlabu hukutana mtoto ambaye nyumbani husema Kifipa, na Kiswahili hukisikia sokoni tu; na mtoto wa mfanya biashara ambaye Kiswahili ndicho alichonyonya; na pengine mtoto wa Kisukuma ambaye wazee wake waliteremka na ng'ombe zao bonde la Rukwa. Wote hufundishwa kwa Kiswahili, kwa mwendo mmoja. Ada ya skuli za msingi za serikali iliondolewa mwaka 2001, na mwaka 2016 ikaondolewa ya sekondari hata kidato cha nne, pamoja na michango. Ni kheri kubwa, maana watoto wa maskini waliingia kwa wingi. Lakini mwalimu aliyepangiwa watoto 45 mara nyingi hujikuta na zaidi ya hao, na wenye kunyamaza humpotea machoni.

Mtoto anayenyamaza huitwa mzito. Huenda si mzito hata kidogo. Hakuelewa neno tu, naye anaona haya kuuliza. Akiitwa hivyo miaka miwili mitatu huamini mwenyewe, na msimu wa kulima ukifika haonekani tena darasani. Hiyo ndiyo hasara tunayoiogopa.

Ibn Khaldun, aliyeandika Muqaddima yake mwaka 1377, alikwisha kueleza kuwa elimu hutolewa kidogo kidogo, kwa kadiri ya akili ya mwanafunzi inavyoweza kupokea, na kwamba ukali humfundisha mtoto uwongo na hila. (Hili la pili lingewafaa baadhi ya walimu wetu wa vyuo, maana vyuo vilikuwa na ubao, lakini vilikuwa na bakora pia; na wapo waliokhitimu wasijue maana ya walichokisoma.)

Basi mwalimu mwenye watoto wengi afanyeje? Hawezi kuwasikiliza wote kila siku. Lakini anaweza kuwasikiliza wachache leo na wachache kesho, akajua nani amekwama wapi. Anaweza kumkalisha anayejua Kiswahili karibu na asiyekijua, kama wakubwa wa chuoni walivyofanya. Na mifano aichukue katika yale watoto wanayoyajua. Mfipa hufukia majani chini ya udongo mvua zingali zikinyesha, akafanya matuta ya mviringo yaitwayo ntumba, akapanda maharage juu yake. Majani yakisha kuoza huyavunja na kuyatawanya, akapanda ulezi au mahindi. Hapo pana somo la mbolea, na pana hesabu: matuta mangapi kwa mstari, mistari mingapi kwa shamba. Na mtoto anayechunga, ambaye ng'ombe mmoja akipotea katika arobaini hutambua mara moja, usimwambie kuwa hesabu hazijui. Anzia kwa ng'ombe zake, kisha mpeleke kwenye daftari.

Wala tusimsahau aliye mwepesi. Huyu akimaliza kazi yake kabla ya wenziwe, aghlabu hupewa ufagio! Apewe hesabu ngumu zaidi, au kitabu.

Na nyinyi wazazi, kina baba na kina mama, siku ya kumpeleka mtoto msiishie kwenye sare na madaftari. Mwelezeni mwalimu lugha mnayosema nyumbani, na kama mtoto hasikii vizuri au haoni mbali, na kazi anayoipenda mikono yake ikiwa haina shughuli. Mwalimu mwenye watoto sitini hawezi kuyajua haya ila kwa kuambiwa na nyinyi.