Vichwa vya Kurasa za Kiswahili Mtandaoni ni Kazi Yetu

Wapo wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakina maarifa ya kutosha katika intaneti. Ushahidi wao ni kwamba mwanafunzi akitafuta jambo kwa Kiswahili hupata machache, na akilitafuta kwa Kiingereza hupata tele. Makala haya hayakanushi uchache huo. Yanadai tu kwamba hata hayo machache tumeyaficha kwa mikono yetu wenyewe, katika mambo mawili tusiyoyapa uzito: kichwa cha ukurasa na maelezo yake mafupi.

Anayetafuta mtandaoni haanzi kwa kuiona makala. Huona orodha iliyoletwa na mtambo wa utafutaji, mathalani Google, na humo kila ukurasa huwakilishwa na kichwa pamoja na mistari miwili hivi ya maelezo. Aghalabu kichwa hukatwa kikizidi herufi 60 hivi. Maelezo nayo hukatwa yakikaribia 160. Hapo hapana jalada, wala mhadhiri wa kufafanua. Mtu husoma kwa nukta chache, akaamua kuingia au kupita.

Tuchukue mfano wa kwetu. Marehemu Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma, alichapisha riwaya ya Siku Njema mwaka 1996. Ndani yake Kongowea Mswahili anatoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba yake. Ni anwani murua kwa kitabu kilicho rafuni. Mtandaoni, hata hivyo, maneno hayo mawili ni salamu ya kila mtu kila asubuhi, na anayeyaandika peke yake huenda akapokea salamu badala ya riwaya. Kidagaa Kimemwozea, riwaya yake ya mwaka 2012, haina tatizo hilo, kwa kuwa ni nadra mtu kuyatumia maneno hayo kwa jambo jingine. Basi mwanafunzi wa hapa Kanduyi anayeuweka uhakiki wake mtandaoni chini ya kichwa “Uhakiki”, au vibaya zaidi “Mwanzo” (mwanzo wa nini?), ameuzika. Angeandika: “Uhakiki wa Siku Njema ya Ken Walibora: Dhamira na Wahusika”. Herufi 58, pamoja na nafasi. Na chini yake: “Safari ya Kongowea kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta babake, na jinsi riwaya hii ya 1996 inavyosawiri malezi na elimu ya mtoto aliyefiwa na mama.” Msomaji sasa anajua anachokiendea.

Sisi wanafasihi tuna ugonjwa wa kupenda mafumbo. Tunaanza na methali, tunaweka nuktapacha, kisha ndipo tunataja mada. Na mtambo ukikata, ni mada inayokatwa. Wanaisimu nao hawajasalimika. Mwanafunzi wa shule ya upili huandika “ngeli za Kiswahili”, ilhali sisi tumeandika “Uainishaji wa Kimofosintaksia wa Nomino”. Usomi haupungui tukiandika “Ngeli za Kiswahili: Uainishaji wa Kisintaksia”. Fauka ya hayo, kitenzi chetu hubeba nafsi, wakati na kirejeshi katika neno moja, na ni vigumu msomaji abahatishe umbo lile lile tulilolichagua. Nomino ya kawaida, ikitangulia, ni salama zaidi.

Majina ya mahali yanadai uangalifu uo huo. Kanduyi ni eneo bunge, ni makutano ya barabara, na ndipo ulipo Uwanja wa Masinde Muliro ulioandaa sherehe za Madaraka mwaka 2024. Bungoma ni mji na ni kaunti. Ukurasa unaosema “Habari za Kanduyi” haujamwambia mtu iwapo atakuta siasa, michezo au bei ya mahindi.

Watatokea watakaosema kwamba haya ni ya mafundi wa kompyuta. Hatukubaliani nao. Mwaka 2009 Google walitangaza kwamba hawatumii maelezo haya kuupangia ukurasa nafasi, na kwamba orodha ya maneno muhimu iliyofichwa ndani ya ukurasa hawaitazami kabisa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo kurudiarudia “riwaya, uhakiki, riwaya, Kiswahili” kama mnadi wa sokoni hakumfaidi yeyote. Maelezo huandikiwa binadamu. Na yasipomfaa, mtambo huweza kuyaacha ukachomoa sentensi nyingine ukurasani, labda ile tusiyoipenda. Kumwandikia binadamu kiini cha matini kwa maneno yenye kikomo ni nini, kama si ufupisho? Huo ndio tuliotahiniwa katika karatasi ya pili ya KCSE, tukakatwa alama kwa kuvuka idadi ya maneno. Fundi hakufunzwa hayo, nasi tumefunzwa kwa miaka minne.

Tunapendekeza, basi, kwamba kamati ya uhariri isiipokee makala yoyote ya kuwekwa mtandaoni isipoambatana na kichwa kisichozidi herufi 60 na maelezo yasiyozidi 155, yote kwa Kiswahili, na kila ukurasa uwe na vyake, visinakiliwe kutoka ukurasa hadi ukurasa. Wahadhiri wa somo la uandishi nao wangeweza kulitahini zoezi hili darasani: mwanafunzi apewe makala ya kurasa kumi, aandike mistari mitatu, kisha mwenzake ambaye hajaisoma makala hiyo aulizwe inahusu nini.