Baraza li wapi?



Mjane mmoja, mkimbizi wa upande wa Oicha, amepanga chumba katika kartie yetu hapa Butembo. Siku moja vijana wawili wenye daftari walifika mlangoni pake. Wakamwambia: "Mama, mchango wa mfereji wa barabara." Akauliza ni franga ngapi, wakamtajia. Akauliza tena: "Ni nani waliketi?" Vijana wakatazamana. Mmoja akajibu: "Kamati imeamua." Naye mama akasema: "Sikuuliza ni nani ameamua. Nimeuliza ni nani waliketi."

Alilipa, maana hakutaka ugomvi katika nchi ya ugeni. Lakini swali lake limebaki kwetu, na sisi tumeona yafaa kulileta mbele ya wasomaji. Kwani katika nchi hii ya Wayira neno halikuwa na nguvu mpaka watu wamelikalia. Wazee walikuwa na kyaghanda, mahali pa moto, ambapo watu wa mji waliketi jioni, mashauri yakasikilizwa, vijana wakafundishwa, na neno la mkubwa likapimwa kwa maneno ya wenzake. (Twakiri kwamba mama zetu hawakuitwa pale. Hilo hatutaki lirudi.)

Sasa, kamati ile ni kamati gani? Ni watu watano. Walichaguliwa mwaka 2020, wakati wa korona, wanunue ndoo na sabuni na kuziweka penye njia panda. Hawakuchaguliwa na mkutano, maana mikutano ilikatazwa. Mkuu wa kartie aliwataja tu, nasi sote tukashukuru, kwa sababu kazi ilikuwa ya haraka. Ndoo zimekwisha kupasuka zamani. Kamati ipo. Imeamua habari ya salongo na faini yake, imeamua habari ya walinzi wa usiku, imehamisha njia ya kwenda chemchemi, na sasa imefika penye mfereji. Hatusemi kwamba watu hao ni wezi. Huenda ni waaminifu kuliko sisi. Twasema tu kwamba walipewa ndoo, si kartie.

Wala hatusemi kwamba kufunga mikutano kulikuwa kosa. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola, iliyoonekana kwanza Mangina. Kisha ikaingia Beni, na Butembo, na Katwa. Ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wamehesabiwa kuwa waliugua, na 2,287 kati yao walikuwa wamekufa. Tuliwazika ndugu zetu bila kuwaosha. Tuliacha kupeana mikono ya amani katika Misa. Na kabla ugonjwa huo haujaisha, korona nayo ilikuwa imefika nchini: tarehe 24 Machi 2020 Rais alitangaza hali ya hatari, na makanisa hayakufunguliwa mpaka 15 Agosti. Tulikula Pasaka nyumbani, kila mtu na jamaa yake. Tulitii, na tungetii tena. Mtu asitumie maneno yetu kama kisingizio cha kudharau waganga.

Lakini kutii wakati wa hatari ni jambo moja, na kuzoea kutoulizwa ni jambo jingine kabisa. Mtu aliyevunjika mguu hupewa gongo, naye hulitumia kwa shukrani. Akipona, kisha mtu mwingine akamwambia, "Endelea na gongo, kwa maana unatembea vizuri nalo," huyo si rafiki yake.

Tena ugonjwa wenyewe ulitufundisha yale tunayoyasahau leo. Mwanzoni wa Riposti walikuja na magari mengi na maneno machache. Maamuzi yalifika yamekwisha kupikwa. Ndipo ukaenea uvumi kwamba Ebola ni biashara, na uvumi ukaua. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya wagonjwa vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni aliyekuja kututibu, aliuawa hapa mjini kwetu. Damu hiyo ni aibu yetu, wala hakuna manung'uniko yanayoihalalisha. Hata hivyo yatupasa kuuliza uvumi hupata wapi nguvu. Hupata nguvu mahali ambapo mtu hana pa kuuliza swali lake mbele ya wenzake akajibiwa. Mambo yalianza kupata nafuu pale wazee wa kartie, akina mama wa soko, waliopona, na vijana wa mahali wenyewe walipoingizwa katika kazi na katika mashauri. Watu waliodhaniwa wajinga wakawa ndio wanaowafuata waliogusana na mgonjwa, siku 21 bila kukosa. Hata leo mwulize mtoto ye yote wa Butembo maana ya siku 21, atakueleza.

Kisha ilikuwa habari ya kura. Tarehe 26 Desemba 2018 tuliambiwa kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na nchi, kwa sababu ya Ebola na ya vita. Zitapiga mwezi wa Machi. Masoko yalikuwa wazi. Makanisa yalikuwa wazi. Sanduku la kura tu ndilo lililoonekana kuwa na ugonjwa. Tarehe 24 Januari 2019 Rais mpya aliapishwa, na sisi, zaidi ya watu milioni moja wenye haki ya kuchagua, pamoja na ndugu zetu wa Yumbi, hatukuwa tumesema neno. Watu wa Beni walifanya nini? Tarehe 30 Desemba walipanga mistari, wakanawa mikono kwa utaratibu, wakapiga kura yao wenyewe, wakijua kabisa kwamba haitahesabiwa. Wengine waliwacheka. Sisi twaona walikuwa wakitunza desturi isife.

Tangu 6 Mei 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na mahali pa mameya wa kiraia wa Beni na Butembo waliwekwa maofisa wa polisi. Iliamriwa kwa siku 30. Kisha ikarefushwa kwa siku 15, na 15 nyingine, na nyingine, hata watu wakaacha kuhesabu. Hatutaki hapa kuhukumu habari za vita. Waliochinjwa ni ndugu zetu, na mtu mwenye nyumba inayowaka hachagui ndoo. Lakini wasomaji wa Beni watakumbuka kwamba mwezi uliotangulia, Aprili 2021, wanafunzi, watoto wadogo wengine, waliketi siku kwa siku uwanjani kwa meya wakidai usalama, mpaka polisi wakawaondoa. Mbona watoto waliketi mavumbini? Kwa sababu mji ule haukuwa na baraza ambamo baba zao wangeketi vitini kwa niaba yao.

Na hapo ndipo penye mzizi. Katiba ya 2006 yasema miji na komine zijitawale katika mambo yake. Sheria ya 7 Oktoba 2008 yaeleza namna: baraza lishauriane na kukata shauri, na meya pamoja na wasaidizi wake watimize. Komine zachagua madiwani kwa kura ya watu wote. Ni sheria nzuri. Lakini ni nani aliyeiona kwa macho? Katika uchaguzi wa 20 Desemba 2023 madiwani wa komine walichaguliwa katika miji mikuu ya majimbo peke yake. Kwa hiyo watu wa Goma walipewa karatasi hiyo ya kura. Watu wa Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba hapa Butembo, na wa Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori kule Beni, hawakupewa. Meya asiye na baraza anamjibu nani? Anamjibu yule aliyemteua, naye yuko mbali. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wala haifagii mfereji.

Labda mtu atasema: watu wa kawaida hawana elimu ya mambo hayo. Tumekwisha kumjibu, na siku zake 21.

Mwingine atasema, na huyu twamheshimu: mkutano ni hatari, adui hutafuta mahali penye watu wengi. Ni kweli. Tarehe 27 Juni 2021, asubuhi, bomu lililipuka katika kanisa letu la Emmanuel-Butsili, Beni, siku ambayo watoto walingojewa wapate Kipaimara, na mama wawili waliumizwa. Januari 2023, huko Kasindi, Wakristo wenzetu wa madhehebu mengine waliuawa katika sala yao. Je, tuliacha Misa? Tuliweka walinzi milangoni, tukapekua mifuko, tukaendelea. Basi tusiambiwe kwamba watu waweza kukusanyika elfu kumwabudu Mungu, waweza kusongamana sokoni tangu alfajiri, lakini hawawezi kuketi watu thelathini wa avenyu moja, mchana, chini ya mwembe, wakahesabu pesa zao. Hatari ni kweli, lakini ajabu yake hujitokeza siku ya hesabu tu!

Tena kuna wale wasemao kwamba simu imetosha. Kamati hutuma ujumbe katika kikundi cha simu, na asiyejibu amekubali. Hasha! Mjane wetu hana simu ya namna hiyo. Kwa mtindo huo mwenye megabaiti ndiye diwani, na asiye nazo ni mlipaji.

Tumesema mengi juu ya wakubwa wa dunia. Sasa tugeuze uso, kwa maana tungekuwa wanafiki kama tungeishia hapo. Sisi makatekista na viongozi wa mashirika, je, tuko safi? Wakati wa korona tulijifunza kupanga kila kitu watu watatu, kwa simu: zamu za usafi, mchango wa mavuno, nani asome, nani asimamie ndoa. Ilikuwa rahisi. Hakuna aliyebisha. Mzee mmoja wa shirika alipotuuliza mwaka uliofuata kwa nini hatuitishi tena mkutano wa shirika wa kila mwezi, tulimjibu kwamba watu wana shughuli. Tulisema uongo, sisi ndio tuliokuwa tumeonja utamu wa kutobishiwa. Sheria ya Kanisa ya 1983 yaagiza kila parokia iwe na halmashauri ya mali, bila kuchagua. Wala haisemi isipokuwa wakati wa uvivu. Mitume wenyewe, manung'uniko yalipotokea juu ya wajane waliosahauliwa katika chakula cha kila siku, hawakuamua chumbani. Waliwaita waamini wote, wakawaagiza wachague watu saba. Angalieni vizuri: lilikuwa shauri la wajane, kama hili letu. Na Musa, aliyesema na Mungu uso kwa uso, alionywa na mkwewe Yethro kwamba atachoka bure akiamua yote peke yake. Mapapa nao hawakunyamaza. Pius XI mwaka 1931 alifundisha kwamba ni udhalimu mkubwa kuliondolea kundi dogo kazi liwezayo kuifanya lenyewe na kulipa kundi kubwa. Yohane XXIII mwaka 1963 akakumbusha kwamba kushiriki katika mambo ya nchi ni heshima ya mtu, si fadhili ya mtawala.

Wazee wanamkumbuka Baba Askofu Emmanuel Kataliko, aliyechunga jimbo hili tangu 1966 hata 1997. Barabara zilipokuwa zimekufa na serikali iko mbali, aliketi na wafanyabiashara, na wakulima, na wakuu wa vijiji, wakakubaliana ni nani atatoa nini, na barabara zikapitika. Alikuwa askofu, angaliweza kutoa amri tu. Aliketi.

Twataka nini basi? Twataka kwamba kila kamati iliyozaliwa na Ebola au korona ije mbele ya watu iliyowekwa kwa ajili yao, ifungue daftari, isome mapato na matumizi, kisha iachwe au ichaguliwe upya, na akina mama wawemo. Twataka mkuu wa kartie asipeleke mtu mlangoni na daftari la mchango ambao haujakaliwa. Twataka wabunge wetu, wanaokumbuka njia ya Butembo kila miaka mitano, waulize huko Kinshasa kura za madiwani wa komine zetu zitapigwa lini, na walete tarehe, si salamu. Mambo mawili ya kwanza hayahitaji ndege wala amri ya jeshi. Yahitaji viti.

Kwa upande wetu tumekwisha kuanza, tena tumechelewa. Shirika letu litaketi Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya Misa ya pili, nasi makatekista tutasoma hesabu ya miaka yote tuliyonyamaza, hata zile kurasa ambazo si nzuri. Tumewapelekea wale watano barua ya kuwaalika, bila matusi. Wanne wamejibu kwamba watakuja. Mjane wetu naye ameambiwa. Ameuliza kama mkimbizi ana ruhusa ya kusema. Tumemjibu kwamba ndiye atakayeanza.